Nani analipia safari ya taarifa? Fedha za halmashauri na mfumo wa kielektroniki wa kuripoti ukatili dhidi ya watoto

Katika ofisi moja ya kata kando ya Ziwa Victoria, ambayo sitaitaja, kuna kaunta buku lenye jalada gumu jeusi, lililopigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili jina la mtoto, ya tatu umri, ya nne aina ya tukio, ya tano imeandikwa "Rufaa" na ya sita "Matokeo". Mtendaji wa kata alifunika safu ya majina kwa karatasi nyeupe kabla ya kuniruhusu nilitazame, jambo lililonifanya nimheshimu. Safu ya tano ilikuwa imejaa vizuri: polisi, zahanati, ustawi wilayani, polisi, polisi. Safu ya sita ilikuwa tupu karibu ukurasa mzima.

Wengi wakiona utupu huo husema ni uzembe, na pengine upo. Lakini nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya utupu huo inatokana na namna tunavyopanga fedha. Bajeti ya umma hugawiwa kwa taasisi, fungu kwa fungu na kasma kwa kasma (kasma ni mstari mmoja wa matumizi ndani ya fungu), ilhali taarifa ya mtoto aliyefanyiwa ukatili haikai ndani ya taasisi yoyote. Inapita kati yake: kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mtendaji, kutoka kwa mtendaji kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, kutoka hapo kwenda dawati la jinsia na watoto la polisi, kisha hospitali, kisha kwa mwendesha mashtaka. Kila ofisi ina fungu lake, dogo au kubwa. Njia inayoziunganisha haina fungu. Tunapozungumzia mfumo wa kielektroniki wa kuripoti ukatili dhidi ya watoto, tunazungumzia njia hiyo, na swali gumu kuhusu njia hiyo ni nani anailipia mwaka hadi mwaka.

Tuanze na sheria, kwa sababu mzigo umegawiwa huko. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Maana yake ni kwamba, kisheria, mlango wa kwanza wa taarifa ni halmashauri, kupitia mtaa, kijiji na kata. Kanuni za ulinzi wa mtoto zilizotungwa chini ya sheria hiyo zikampa afisa ustawi wa jamii nafasi ya kuratibu shauri na kushirikiana na polisi, afya na elimu.

Ukitazama mifuko ya fedha, hata hivyo, picha inabadilika. Afisa ustawi wa jamii yuko ndani ya halmashauri, katika divisheni moja na afya na lishe, kwa hiyo anagombea fedha na dawa, chanjo na ukarabati wa zahanati. Afisa maendeleo ya jamii, ambaye kwa mwananchi wa kawaida anafanya kazi inayofanana na hiyo, yuko divisheni nyingine ya halmashauri hiyohiyo. Sera za wote wawili zinatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na Wizara ya Afya Januari 2022, lakini kiutawala wanawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri aliye chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Polisi wa dawati wapo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na fedha zao haziingii katika bajeti ya halmashauri hata senti moja. Waendesha mashtaka wana ofisi yao ya kitaifa. Simu 116, ambayo mtoto au mtu mzima anaweza kuipiga bure kutoa taarifa, inaendeshwa na shirika lisilo la kiserikali kwa makubaliano na serikali. Wote hawa wanatakiwa kuona shauri moja kwa wakati mmoja.

Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, na wilaya za Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 3,699,872. Katika eneo kubwa la nchi kavu taarifa inaweza kufika kwa bodaboda, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 faili la Sengerema halisubiri tena foleni ya kivuko. Visiwani hali haijabadilika. Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome bado vinahesabu muda kwa ratiba ya meli, kivuko au mtumbwi wa injini, na upepo ukivuma hata ratiba hiyo haina maana.

Chukulia mwalimu wa shule ya msingi katika kisiwa kimojawapo amegundua siku ya Alhamisi mchana kwamba mwanafunzi wa darasa la tatu hawezi kukaa sawasawa kwenye dawati. Anampigia mtendaji wa kijiji. Mtendaji anajaza fomu ya karatasi, nakala moja. Zahanati ipo, lakini mhudumu anaomba fomu namba 3 ya polisi, ambayo kila mtu anaiita PF3, na kituo cha polisi kipo ng'ambo ya maji. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI ambazo zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kuanzia Alhamisi saa nane mchana, saa 72 zinaisha Jumapili saa nane mchana. Katikati kuna Jumamosi na Jumapili, siku ambazo ofisi ya ustawi wilayani imefungwa. Wakati huohuo ndugu wa pande mbili wameshaanza kukaa chini ya mwembe kujadili ng'ombe wangapi watoke ili jambo liishie nyumbani. Kila saa ambayo fomu inasubiri chombo cha kuvuka ni saa ya mazungumzo hayo.

Mfumo wa kielektroniki, ukielezwa bila mapambo, unafanya kazi tatu katika mfano huo. Taarifa inaandikwa mara moja na kuonekana kwa ofisi zote zinazohusika kwa wakati mmoja, kila moja ikiona kile inachostahili kuona. Kila ofisi inapopokea, saa ya kupokea inabaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haikumfikia. Na ofisi iliyotuma inaona kilichofanyika upande wa pili, yaani ile safu ya sita ya kaunta buku inajijaza. Kazi ya tatu ndiyo ninayoithamini zaidi, na ndiyo ambayo wanaouza mifumo huitaja mwishoni kabisa.

Mahali ambapo jambo hili limefanyika kwa muda mrefu, na ambapo mvutano wa fedha umeandikwa wazi, ni kaunti ya Los Angeles katika jimbo la California, Marekani. Sheria ya jimbo hilo inaitaka idara ya ustawi wa watoto ikipokea taarifa iwaarifu polisi na mwendesha mashtaka wa kaunti mara moja au haraka iwezekanavyo, kwa simu, faksi au njia ya kielektroniki, kisha ipeleke taarifa ya maandishi ndani ya saa 36. Polisi nao wana wajibu wa namna hiyohiyo kwa idara. Kaunti ina watu takribani milioni kumi na makumi ya idara za polisi, kwa kuwa miji mingi midogo ndani yake ina polisi wake. Miaka mingi taarifa hizo zilikwenda kwa faksi na posta, na faksi, kama tunavyojua sisi tuliowahi kuitumia, inatoa karatasi kwenye chumba ambacho huenda hakuna mtu.

Mwaka 2009 kaunti ilianzisha mfumo wa kielektroniki unaoziunganisha idara ya watoto, polisi wa kaunti, polisi wa miji na ofisi ya mwendesha mashtaka. Taarifa ikiingia kwenye idara ya watoto, inatokea kwenye kompyuta ya kituo cha polisi kinachohusika, na mwendesha mashtaka anaweza kuona kama polisi wamejibu. Ila kuwa na mfumo na kuutumia kikamilifu ni vitu viwili. Baada ya kifo cha mtoto wa miaka minane mwaka 2013, ambaye taarifa zake zilikuwa zimefika kwenye ofisi za umma zaidi ya mara moja, bodi ya wasimamizi watano wa kaunti iliunda tume. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba ofisi zote zinazohusika ziutumie mfumo huo kikamilifu na kwamba upewe uwezo wa kutunzwa na kuboreshwa. Maneno hayo ni ya kawaida, ila yameandikwa zaidi ya miaka minne baada ya mfumo kuzinduliwa. Uzinduzi ulikuwa na fedha na hotuba zake. Utunzaji ulihitaji tume.

Kuna mgogoro mwingine wa California ambao nadhani unafundisha zaidi kuhusu fedha. Katiba ya jimbo hilo, kwa marekebisho ya mwaka 1979, inasema jimbo likizipa serikali za mitaa kazi mpya au kiwango kipya cha huduma, sharti lizirudishie gharama. Mwaka 2001 kaunti ya Los Angeles ilifungua madai kwenye tume ya jimbo inayosikiliza mambo hayo, ikisema sheria ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto kati ya ofisi na ofisi imeitwisha kazi ambazo jimbo halizilipii: kujaza fomu, kupelekeana taarifa, kuchunguza, kutunza kumbukumbu. Uamuzi ulikuja baada ya miaka kadhaa. Tume ilikubali baadhi ya madai na kukataa mengine. Miaka yote hiyo ilipita watu wakibishana kama kupeleka taarifa ya mtoto kutoka ofisi moja kwenda nyingine ni kazi mpya au ni ile ambayo polisi walipaswa kuifanya siku zote.

Huku kwetu hakuna tume ya namna hiyo, na halmashauri haina mahali pa kwenda kudai kwamba Bunge limeipa wajibu bila fedha. Inachoweza kufanya ni kuomba katika bajeti, na hapo inafaa tuingie ndani kidogo, maana ndipo penye fundo.

Halmashauri ina vyanzo vikuu vitatu. Kuna ruzuku ya serikali kuu, ambayo hubeba mishahara na baadhi ya matumizi mengineyo na miradi. Kuna mapato ya ndani: ushuru wa huduma, leseni, ushuru wa mazao, ada za masoko na maegesho. Na kuna fedha za wafadhili. Katika mapato ya ndani sehemu nyingine ni mapato lindwa, kwa mfano makusanyo ya vituo vya afya yanayopaswa kurudi kwenye vituo hivyohivyo, kwa hiyo hayaguswi kwa kazi nyingine. Katika yale yasiyolindwa, sheria inataka asilimia 10 iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Miongozo ya bajeti inataka sehemu kubwa iende kwenye miradi ya maendeleo. Kinachobaki kinalipa posho za madiwani, mafuta ya magari, umeme, ulinzi, maji ya ofisi na vikao. Huko kwenye kinachobaki ndiko kasma ya ustawi wa jamii hupigania pumzi.

Halmashauri za ukanda wa ziwa zina jambo moja zaidi ambalo halionekani katika vitabu vya bajeti. Mapato ya baadhi yao yanafuata mwezi, na hapa ninamaanisha mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapoangaza wavuvi wanapumzika, mialo, yaani maeneo ya kupakulia samaki, inapoa, na ushuru unashuka. Bajeti inaandikwa kana kwamba fedha zinaingia sawasawa kila mwezi wa kalenda, halafu mhasibu analipa kwanza vile visivyosubiri. Bando la intaneti la watendaji wa kata, hata likiwa kwenye kasma, huwa miongoni mwa vinavyosubiri.

Na ni bando, si kompyuta, ndilo linalonitia wasiwasi. Nitafanya hesabu ya kukisia, ili msomaji aone ukubwa wa vitu. Halmashauri yenye kata 20 ikimlipia kila afisa wa kata bando la shilingi 20,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 400,000 kwa mwezi na 4,800,000 kwa mwaka. Ikiwa na visiwa na ikatenga safari mbili za dharura kila mwezi kwa mtumbwi wa injini, kila safari lita 40 za petroli kwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 240,000 kwa mwezi na 2,880,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 7,680,000. Fedha hizo haziwezi kujenga hata chumba kimoja cha darasa. Lakini darasa linajengwa mara moja, linapigwa picha, linazinduliwa na kuandikwa kwenye taarifa ya utekelezaji. Shilingi hizi milioni saba na ushee zinatakiwa zitoke kila mwaka bila kukoma, hazipigwi picha, na siku zikikosekana hakuna kinachoanguka mbele ya macho ya watu.

Nimeweka safari za mtumbwi makusudi, maana mifumo hii mara nyingi huuzwa kwa ahadi kwamba itaondoa safari. Haiondoi. Taarifa ikifika kwa kasi wilayani na afisa akakosa mafuta ya kwenda kisiwani, kasi hiyo imezalisha saa sahihi ya kushindwa. Mtoto bado yuko kwenye nyumba ileile.

Vifaa vyenyewe si tatizo kubwa kama zamani. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, na simu janja zimefika hata mwaloni. Kutengeneza programu nako si kazi ambayo halmashauri moja inapaswa kujianzishia. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inazitaka taasisi za umma zipitishe miradi ya TEHAMA kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, na sababu ni nzuri: halmashauri nane za Mwanza zikinunua mifumo minane isiyozungumza, tutakuwa tumehamisha kaunta buku nane kwenye kompyuta. Mtoto aliyefanyiwa ukatili Misungwi akahamishiwa kwa shangazi yake Ilemela angekuwa mtoto mpya katika kumbukumbu. Kwa hiyo mfumo mkuu, seva na usalama wake ni kazi ya serikali kuu. Kazi ya halmashauri ni ile ndogo na ya kila siku: bando, chaji, mafunzo ya mtumishi aliyehamia jana, mafuta, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufungua mfumo kila asubuhi na kuuliza kwa nini shauri namba fulani halijaguswa kwa siku tatu.

Huyo mtu ndiye ghali kuliko vyote. Maafisa ustawi wa jamii ni wachache, na wengi wanaofanya kazi hiyo ngazi ya kata wana kazi nyingine mbili au tatu. Pengo hilo lilizibwa kwa miaka mingi na wahudumu wa jamii waliolipwa posho na miradi ya wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi iliyotegemea fedha hizo ilisimama ndani ya siku chache. Hapo ikaonekana wazi ni nini kilikuwa cha halmashauri na nini kilikuwa cha kuazima. Mradi hulipa mafunzo, simu, bando na posho kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo halmashauri haiweki kasma kwa sababu mradi unalipa. Mradi ukiisha, kasma haipo, na kuianzisha upya ndani ya ukomo wa bajeti maana yake ni kumnyang'anya mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye fundo lenyewe, yaani kiungo kati ya halmashauri na polisi. Tuseme halmashauri imeamua kulipia. Je, inaweza kulipia bando la afande wa dawati? Niliwahi kumuuliza mhasibu mmoja swali hilo, akacheka kwanza. "Ndugu yangu," akasema, "mkaguzi akija ataniuliza fedha za halmashauri zimefanya nini kwenye kituo cha polisi. Nitamjibu nini?" Ana haki ya kuogopa. Hoja ya ukaguzi inamfuata mtu miaka. Lakini hofu yake inaonyesha tatizo waziwazi: halmashauri inaweza kununua nusu ya njia, na nusu ya pili inasubiri bajeti ya wizara nyingine, katika mwaka mwingine, kwa vipaumbele vingine. Los Angeles waliweza kwa sehemu kwa sababu bodi moja ya kaunti inapitisha bajeti ya idara ya watoto, ya polisi wa kaunti na ya mwendesha mashtaka. Huku kwetu hakuna meza moja yenye mamlaka hayo chini ya ngazi ya taifa.

Meza inayokaribia ni kamati za ulinzi wa mwanamke na mtoto, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto unaojulikana kama MTAKUWWA, awamu ya kwanza ikiwa ya 2017/18 hadi 2021/22. Kamati hizo zipo kuanzia taifa, mkoa na halmashauri hadi kata na kijiji au mtaa, na humo polisi, afya, elimu, ustawi na viongozi wa jamii hukaa pamoja. Zina watu sahihi. Zinachokosa mara nyingi ni fedha za kukutana, hasa pale ambapo mjumbe anatakiwa avuke maji kuja kikaoni. Inanishangaza, na nasema hivi kwa upole, kwamba tunaweza kujadili mfumo wa mtandao wakati kikao cha robo mwaka kimeahirishwa kwa kukosa nauli.

Wakati njia rasmi inakosa fedha, njia isiyo rasmi imeshajitengeneza. Maafisa wa kata nyingi wana makundi ya WhatsApp pamoja na polisi wa dawati na wahudumu wa zahanati. Fomu inapigwa picha na kutumwa. Inafika kwa sekunde, na bando ni la mfukoni kwa mtumishi. Nimeona afisa akipekua simu yake kutafuta fomu ya shauri huku picha ya fomu ikipita katikati ya picha za harusi na tangazo la kiwanja. Jina la mtoto, shule yake, kilichompata na jina la baba yake wa kambo vilikuwa humo. Simu hiyo ikipotea stendi ya Nyegezi, taarifa imepotea nayo, au imepatikana na mtu mwingine, jambo ambalo ni baya zaidi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, na zile zinazohusu makosa ya jinai pia. Kwa hiyo picha ile ya fomu ni nyeti mara mbili. Kumkemea afisa ni rahisi, lakini yeye alitumia chombo pekee kinachofanya kazi, tena kwa gharama yake. Ulinzi wa taarifa nao una bei: akaunti ya kila mtumishi, nywila isiyoshirikiwa, kumbukumbu ya nani amefungua faili gani, na mtu wa kuzima akaunti ya aliyehama. Halmashauri ikipanga bajeti ya mfumo na kusahau gharama hizi, itapata WhatsApp yenye nembo ya serikali.

Uingereza ilijifunza upande mwingine wa jambo hili. Baada ya kifo cha mtoto wa miaka minane jijini London mwaka 2000, ambaye alikuwa ameonwa na ofisi nyingi zisizoambiana, serikali ilijenga hifadhidata iliyoitwa ContactPoint, yenye taarifa za msingi za watoto wote wa England, takribani milioni 11. Iligharimu pauni milioni 224. Mamia ya maelfu ya watumishi walitarajiwa kuwa na ruhusa ya kuifungua, na hapo ndipo wananchi wengi waliposhtuka. Serikali mpya iliizima Agosti 2010, muda mfupi tu baada ya kuanza kazi. Walikuwa wamemhesabu kila mtoto, ilhali shida ilikuwa kwa watoto ambao tayari kuna mtu ametoa taarifa zao. Mfumo unaofuata mashauri yaliyofunguliwa tu ni mdogo, una wafunguaji wachache, na gharama yake halmashauri ya Kwimba au Ukerewe inaweza kuimudu.

Ikiwa ningekuwa diwani, nisingeomba kompyuta. Ningeomba kasma moja yenye jina linaloeleweka, kwa mfano mawasiliano na usafiri wa mashauri ya watoto, ndani ya ustawi wa jamii lakini isiyohamishika kwenda kulipia kitu kingine. Ningeomba makubaliano ya maandishi kati ya mkurugenzi na mkuu wa polisi wa wilaya yanayoeleza nani analipia nini kwenye kiungo chao, ili mhasibu awe na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Na ningeomba safu ya sita ya lile kaunta buku isomwe kwenye Baraza la Madiwani kila robo mwaka, idadi tu bila jina hata moja: mashauri mangapi yametoka, mangapi yamerudi na jibu, na yaliyobaki yamekwama ofisi gani.

Maombi hayo yana msimu wake. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi, lakini vipaumbele vya kata hukusanywa miezi mingi kabla, halmashauri hupitisha makisio yake mapema katika mwaka wa kalenda, na mkoa huyachambua kabla hayajaelekea Dodoma na Bunge halijakaa kujadili bajeti kuanzia Aprili. Anayesimama kwenye mkutano wa kijiji mwezi Mei kuuliza kwa nini afisa hana bando atajibiwa kwa adabu kwamba jambo lake limepokelewa, na litapokelewa kweli, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaofuata huo. Anayetaka liingie mwaka ujao aliseme kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla ya Krismasi, akiwa na hesabu yake mkononi, ya mafuta na ya bando, kata kwa kata.